Upondo Niliochelewa Kuukabidhi

Kaka yangu na mimi tulikuwa vibarua katika shamba la pamba upande wa Garsen, na kila asubuhi tulitoka kijijini kwetu Hewani kwa mtumbwi mmoja. Yeye alikaa nyuma na kafi. Mimi nilisimama mbele na upondo wangu, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, nikisukuma na kupiga kelele nikiona kisiki au kiboko. Kwetu nafasi ya mbele ni ya mwenye upondo. Mwingine haikalii mpaka akabidhiwe upondo huo mkononi.

Kisha bwana wa shamba akaleta baiskeli. Alitaka sote tuache mitumbwi, eti inatuchelewesha. Ya kwanza alinipa mimi, ili wenzangu waone wivu. Nami, mjinga, nikavimba kichwa. Nilipiga kengele hata pasipokuwa na mtu njiani, labda kuku tu.

Kaka alinitania, "Hiyo yako ikifika majini, itaogelea?" Lakini jioni alikuja mlangoni kwangu. "Basi nipe upondo. Shemeji yako yuko tayari kukaa mbele."

"Kesho," nikamwambia.

Uvivu haukuwa sababu. Nilitaka baiskeli, na nilitaka pia nafasi yangu ibaki yangu, nikiichoka baiskeli niikute. Alirudi kuuomba mara mbili, na mara zote nilimjibu kesho. Mkewe, aliyekuwa amejitolea kukaa mbele, alisimama nyuma yake akinitazama. Kaka hakugombana nami. Akawa anakwenda peke yake.

Wiki ile mto ulijaa, maji mekundu yakibeba miti mizima. Mimi nilipita njia ya juu, nikafika mapema na matope mpaka magotini. Bwana alinisimamisha mbele ya vibarua wote kama bwana harusi. Akaonyesha gati tupu.

"Mnaona? Wa mtumbwi bado, wa baiskeli amefika."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na kicheko kile ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Mtumbwi wa kaka ulifika adhuhuri, umepinduka, umepasuka ubavuni ulipogonga gogo. Yeye tulimpata siku ya pili, amenasa kwenye matete. Tulimwosha, tukamswalia, tukamzika. Bwana alisema pole, kisha akasema ndiyo maana alituhimiza tupande baiskeli. Nilitamani kumpiga. Lakini gogo lile angeliona mtu wa mbele, na mtu wa mbele nilikuwa mimi.

Baada ya maziko niliuchukua upondo ukutani, mkavu, una utando wa buibui, nikampelekea mjane. Sijui nilitaka nini. Alikuwa amekaa eda, hakuupokea.

"Shemeji," akaniuliza taratibu, "leo ndiyo ile kesho?"