Transista ya Amplifaya ya Kanisa

Nasema ukweli, nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza. Tulikuwa mafundi wawili wa redio pale Kitale, mimi na dada mmoja wa Saboti. Bosi wetu alikuwa anafungua karakana ya pili Kanduyi, kule Bungoma, na mmoja wetu angepewa aisimamie. Mimi kwetu ni Bungoma, na mama yangu yuko huko peke yake. Niliitaka karakana ile hadi nikakonda.

Siku moja mkulima mmoja kutoka kijiji cha Kwanza alileta amplifaya ya kanisa lao, imekufa. Bosi akampa dada, si mimi. Roho iliniuma. Dada akapima, akapata transista moja imeungua. Mkulima akauliza hicho kidude cha miguu mitatu hufanya nini.

"Mguu huu ni base," dada akamwambia. "Umeme kidogo wa maikrofoni ukiingia hapa, unaruhusu umeme mwingi wa pawa upite kutoka mguu huu, kolekta, kwenda huu mwingine, emita. Si wewe hufungulia ng'ombe lango? Ukifungua kidogo wanapita wachache, ukifungua sana wanapita wengi. Lakini huwabebi, wanapita wenyewe."

Mkulima akacheka, akamwita mwalimu. Ati mwalimu! Hayo hata mimi niliyajua, ni vile tu hakuna aliyeniuliza.

Transista ya aina ile hatukuwa nayo, dada akaweka ya aina nyingine. Nikachungulia. Ile ya zamani base yake ilikuwa katikati. Yeye alikuwa ameikunja miguu ikapishana, wa pembeni ukaingia tundu la kati. Nikajua amekosea, na akiwasha itaungua. Karakana yetu ilikuwa na desturi: ukiona kosa la mwenzako, unagonga meza kabla hajawasha. Sikugonga. Nilikunywa chai yangu polepole.

Bosi alipokuja kuijaribu, furaha ilinishinda. "Itaungua hiyo," nikasema. "Base ameiweka mahali si pake. Nimeona kitambo."

"Kitambo?" bosi akauliza.

Dada akasema transista ya aina hiyo base yake huwa pembeni, na alikuwa ameipima kwa mita kabla ya kuichomelea. Akawasha. Mkulima akaimba pambio kwenye maikrofoni, watu wakageuka huko barabarani.

Bosi hakunikemea kwa kutojua. "Ungeiacha iungue," aliniambia, basi.

Jumatatu akampa dada funguo za Kanduyi. Mimi niko Kitale hadi leo, na mama akiniuliza kwa nini sikupewa mimi, humwambia yule dada alipendelewa.