Mshenga Siku ya Mwezi Mpevu

Mshenga wa kijiji chetu cha Hapugolla aliitwa Heenbanda, na alikuwa mwongo. Sisemi kwa kumsengenya. Yeye mwenyewe angekuambia hivyo, mradi umuulize siku ya mwezi mpevu. Siku nyingine zote alizunguka na mwavuli wake mweusi na mfuko wa hati za nyota za kuzaliwa, zinazolinganishwa kabla ya posa, akiunganisha watu kwa chumvi nyingi. Msichana mwenye kengeza alikuwa "na macho ya haya." Kijana mlevi alikuwa "mchangamfu." Mimi niliambiwa Jinadasa ni karani mkuu wa posta. Nikaolewa, nikafika kwake, nikakuta kazi yake ni kugonga mihuri kwenye bahasha. Ni miaka ishirini na miwili sasa na hasira hiyo sijaimaliza.

Lakini mwezi ukijaa, Heenbanda alikuwa mtu mwingine. Alfajiri alioga, akavaa nyeupe, akaja hekaluni kushika nadhiri nane za Kibudha pamoja nasi: kutoua, kutoiba, kujitenga na mambo ya chumbani, kutosema uongo, kutogusa pombe, kutokula baada ya saa sita mchana, kutojipamba, kutokalia viti vya fahari. Alizishika kwelikweli. Ndiyo maana wazazi wajanja walisubiri siku hiyo, wakamfuata palepale mkekani: yule kijana uliyetuletea, ana mke mahali? Naye alikunja uso kama mtu anayeng'olewa jino, kisha akajibu ukweli mtupu. Posa nyingi zilifia mkekani pale.

Mtawa mkuu alipenda kumtania. "Heenbanda, jioni ukizivua hizi nane unabaki na zile tano za kila siku. Kutosema uongo imo humo pia. Au kwako zimebaki nne?"

"Mheshimiwa, zile tano ni nguo za kazini," alijibu. "Zinachafuka."

Basi Heenbanda alikuwa na binti mmoja tu, Anulawathi, tuliyemwita Anula, fundi cherehani, mtaratibu, mwenye kicheko cha kuambukiza. Miaka ilipita bila kuolewa. Hatimaye ikaja posa ya Tilakasiri, kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Alipokuja kumwona na kunywa chai, Anula alimpenda. Alikuja kwangu, mwalimu wake wa zamani, jioni ile akashika mlango kama anayeogopa kuanguka, akasema, "Mwalimu, huyu namtaka." Nilifurahi hadi nikasahau kumsema vibaya baba yake kwa siku mbili.

Mshenga hamwozi mwanawe mwenyewe, kwa hiyo Heenbanda alimtumia mwenzake wa kazi, na mwenzake aliifanya kazi kama wanavyoifanya wote. Anula alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kwa kina Tilakasiri habari zake zilifika akiwa na ishirini na saba, na hati yake ya nyota imeandikwa upya kwa mwandiko mzuri. Siku ya harusi ilikuwa imeshapangwa.

Mwezi mpevu wa Poson, ule wa Juni, ulipofika, aliingia hekaluni mwanamke mnene aliyevaa nyeupe, mkeka kwapani. Alikuwa Dingiri Menike, mama yake Tilakasiri. Kijijini kwao hekalu lipo, kubwa kuliko letu. Alitandika mkeka wake karibu na wa Heenbanda, akashika nadhiri kama sisi, akatulia.

Heenbanda alimwona, akafumba macho. Sijawahi kuona mtu akitafakari kwa bidii namna ile. Asubuhi nzima hakufumbua hata jicho moja. Chakula kilipoletwa alitafuna kila tonge la wali hadi mtawa akamwangalia mara mbili. Kisha yakaja mahubiri, na mtawa mkuu, ambaye sijui kama alijua au hakujua, alihubiri kwamba tendo humrudia mtendaji kama ng'ombe arudivyo zizini, na kwamba tukikumbatia kitu kwa nguvu, mikono inayoumia ni yetu wenyewe. Heenbanda alitokwa na kijasho chembamba.

Saa tisa Anula alileta chai ya giligilani na vipande vya sukari guru, ambavyo nadhiri haivikatazi. Ikabidi baba yake afumbue macho ili apokee kikombe.

"Kaka Heenbanda," Dingiri Menike akasema, "nina maswali mawili tu. Binti yako ana miaka mingapi?"

Ukumbi mzima ukasahau kutafakari. Anula alisimama na birika mkononi, uso umempauka. Nilimwombea moyoni Heenbanda adanganye, mimi niliyemlaani miaka yote ile kwa kudanganya, na mwenyewe nikiwa nimevaa nyeupe.

"Thelathini na mmoja," Heenbanda alisema. "Na hati ile si yake."

"Haya. Kwa nini hajaolewa mpaka leo? Ana tatizo gani?"

Heenbanda alikiweka kikombe chini. "Yeye hana tatizo. Walikuja wanane. Wote niliwakataa mimi."

"Baba," Anula akasema, "uliniambia nyota hazikulingana. Uliniambia wamenikataa wao."

"Nilikudanganya, mwanangu. Kila mshenga akimsifia mtu, nilikuwa najua maneno yale yanapikwaje. Nilijisemea, wanadanganya kama mimi. Sikuweza kumwamini yeyote. Na nilipenda mkono wako kwenye chai yangu."

Nililia, sioni haya kusema. Anula hakulia. Alimimina chai, akamjazia baba yake kikombe mpaka ikafurika kwenye kisahani, na nadhani alifanya makusudi.

"Wanane," alisema. "Yule mwalimu wa hesabu?"

"Naye."

"Mwenye masikio?"

"Huyo hata leo ningemkataa."

Watu wawili watatu waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Anula akamgeukia Dingiri Menike, birika bado mkononi. "Shangazi, na wewe umevaa nyeupe. Tilakasiri tumeambiwa ana miaka thelathini na minne, na ana shamba la mpira."

Dingiri Menike alikuja kutega, akajikuta naye yuko ndani ya wavu. "Ana thelathini na minane," akasema. "Mpira ni miti kumi na mmoja. Na anakoroma."

"Miti kumi na mmoja inanitosha," Anula alisema. "Lakini wewe je, shangazi, mimi nakutosha?"

Dingiri Menike alifumba macho yake, na hivyo ikapita jioni, ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa pale.

Saa kumi na mbili mtawa mkuu alitushikisha tena zile nadhiri tano, tukawa watu wa kawaida tena. Tulikuwa ngazini tunatafuta ndala zetu Dingiri Menike alipomzuia Heenbanda.

"Kaka, zile nane umeshazivua?"

"Nimezivua, dada."

"Basi nikuulize tena. Binti yako ana miaka mingapi?"

Tulisimama wote, wengine na ndala mguu mmoja. Heenbanda aliutazama mwavuli wake, akamtazama Anula.

"Thelathini na mmoja," alisema. "Na miezi minne."

Dingiri Menike akashusha pumzi. "Harusi iko palepale. Sikukereka na umri. Nilitaka kujua kama ninaunga udugu na mtu wa siku moja kwa mwezi."

Anula aliketi kwenye ngazi, akacheka huku analia. Mtawa mkuu alikuwa mlangoni, akauliza kwa upole, "Heenbanda, zimetimia tano?"

Heenbanda hakumsikia. Alikuwa ameinama, anamvalisha binti yake ndala.