Siku Niliyomsema Bibi Sikitu

Chekeni kwanza mmalize, halafu mnisikilize, maana aibu niliyoipata Jumapili ile nyumbani kwangu Mlabani, mbele ya jumuiya yetu nzima ya kanisa na mbele ya mke wangu, siwezi kuificha tena, Ifakara yote inaijua.

Mimi mnanijua, mwalimu na mtunzi wa riwaya nzito, zile ambazo wanafunzi huzisoma kwa ajili ya mtihani tu (watoto wa jirani hunipa shikamoo huku wamenuna). Sifa ninazo, lakini mke wangu, Mama Agata, hajawahi kumaliza hata riwaya moja, akifika ukurasa wa tatu anasinzia, kitabu kinamwangukia kifuani, nami nimekaa pale namtazama, roho inaniuma kwelikweli. Basi nikajipa jina la siri, Bibi Sikitu, nikasajili laini nyingine ya simu, nikawa kila Ijumaa natuma kwenye magrupu hadithi ya mapenzi: Nyamizi, binti wa mfugaji wa Kisukuma kule kijiji cha Mbingu, na Tito, kijana wa Kindamba anayevua perege Kivukoni, na baba zao wasiotaka hata kusalimiana kwa sababu ng'ombe waliingia kwenye mpunga. Jamani, ikashika! Mama Agata akawa analia jikoni, wali unaungua, ananiambia, "Baba Agata, ungejifunza kwa huyu mama, huyu ndiye anajua kuandika!" Nikawa namwonea wivu Bibi Sikitu, yaani najionea wivu mwenyewe, na kumwambia ukweli naogopa, maana mtu mzima na heshima zangu, nikijulikana ndiye ninayeandika mambo ya busu, nitamtazama nani usoni?

Sasa Jumapili hiyo jumuiya ilikuwa zamu ya kwetu, sala zimekwisha, chakula hakionekani, kumbe akina mama wamejazana jikoni wanabishana juu ya Nyamizi. Mwenyekiti wetu, Mzee Kasiani, njaa imemkamata, akanigeukia: "Mwalimu, mtunzi wa kweli hapa ni wewe. Hebu simama uwakanye hawa na huyo Bibi Sikitu wao."

Ningesema nina mafua, yangeishia hapo. Nikasimama.

Nikawaita akina mama waje uani, nikaanza vizuri tu, hadithi nyepesi, zinaharibu vijana, wao wakaanza kuguna, Mama Agata akanikata jicho, na mimi nikikatwa jicho ndipo napandisha sauti (ugonjwa wangu wa siku zote). "Na huyo Nyamizi wenu!" nikafoka. "Binti gani anatoroka asubuhi ya harusi aliyolazimishwa, anavuka mto kwa mtumbwi, anampigia magoti baba yake Tito, mpaka mzee wa watu anamwinua huku analia? Upuuzi mtupu!"

Mama Sado, jirani yetu, akauliza polepole, "Mwalimu, mbona Ijumaa tumeishia kwenye posa? Hayo ya mtumbwi umeyasoma wapi?"

Lo! Nilikuwa nimeyaandika alfajiri ile ile, hayajatumwa kwa mtu. "Nime... nimekisia," nikasema, jasho linanitoka.

"Umekisia mpaka machozi ya mzee?"

Kabla sijajibu, Mzee Kasiani akaruka kitini: "Kwa hiyo baba yake Tito amemkubali? Mungu mkubwa!" (Kumbe naye anasoma, mnafiki yule!) Hapo uani pakalipuka, vigelegele, vifijo, "Bibi Sikitu oyee!", Mama Sado akanifunga kanga kiunoni, nikachezeshwa mbele ya wazee wenzangu, na nikacheza.

Mama Agata peke yake hakucheka. Alisimama mlangoni ananitazama, na vigelegele vyote vile kwangu vikawa si kitu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Miezi yote unaniliza, nawe umekaa mezani unakula?"

Akaingia ndani. Nikasema basi, nimekwisha. Akarudi na sahani ya wali na kuku, filigisi juu, akaiweka mbele yangu. "Filigisi siku zote ni ya baba mwenye nyumba," akasema, kila mtu anasikia. "Leo ni ya Bibi Sikitu. Kula upesi, halafu unisomee hiyo ya mtumbwi mwenyewe."

Nikaila nikiwa na kanga yangu kiunoni, nikamsomea mpaka neno la mwisho, na mke wangu hakusinzia, hata kope! Lakini nimeapa: siku nyingine mkiniita kumkanya mtunzi mwenzangu, nina mafua.