Mtumbwi wa Tezi Mbili

Bi Mwanamkasi wa Bweni hakuwahi kukaa mbele ya mtumbwi maisha yake yote. Wa mbele, kule omo, kazi yake kupiga kafi tu. Wa nyuma, kwenye tezi, ndiye anayeelekeza chombo. Na kuelekeza Mwanamkasi kazaliwa nako. Ukipika wali wako nyumbani kwako, atapita akuambie moto umezidi.

Marehemu mumewe aliacha wajane wawili na mtumbwi mmoja, umechongwa ncha zote sawasawa. Mjane wa pili ni Nasra, naye kuambiwa hataki.

Juzi tulimwoza Siham, aliyezaliwa na Nasra akalelewa na Mwanamkasi. Shughuli iko Pangani, ng'ambo ya mto. Wenzetu walishatangulia, tukabaki mimi na wajane hao wawili na sufuria la pilau ya wakwe. Nikakaa katikati nimelikumbatia. Wale wakakaa kila mtu na ncha yake, kafi mkononi, wanatazamana.

"Geuka, mdogo wangu. Hapo ulipo ni omo."

"Omo ni hapo ulipo wewe, dada."

Wakapiga kafi. Mmoja anatupeleka, mwenziwe anaturudisha, na mimi naoga maji ya pande zote mbili. Mto nao ulikuwa unapwa, ukaanza kutukokota taratibu kwenda baharini.

Nikawaambia, "Wakwe wakikaa na njaa leo, atakayesimangwa mpaka uzeeni ni Siham. Nyie endeleeni kugombea tezi."

Kwa huruma ya mtoto, wakageuka wote wawili kwa mpigo. Sasa wamepeana migongo, wanapiga kafi kwa bidii, na hatuendi vilevile.

Mwanamkasi akapinda shingo, akaona mambo. Neno likamtoka kwa shida.

"Rudi ulivyokuwa, Nasra. Mimi nishakaa mbele."

Tukafika ng'ambo, mto umeshatushusha chini kabisa ya gati, pilau ingali moto. Wakwe wakateremka na vigelegele, na aliye omo ndiye anayegusa nchi kwanza. Mwanamkasi akashuka, akamwagiwa marashi, akavishwa na kanga mpya. Nasra yuko nyuma huko, maji magotini, anauzuia mtumbwi usichukuliwe.

"Dada, njoo basi tuvute."

"Vuta, mdogo wangu," akasema Mwanamkasi, anajifunga kanga yake. "Nahodha ni wewe. Mimi nimekuja abiria."