Mfano Wangu wa Majivuno

Likizo ya mwaka wangu wa kwanza chuoni Lubumbashi, nilirudi Kolwezi nikiwa najua kila kitu. Vijana wa parokia waliniomba mazungumzo ya Jumapili, nami nikachagua neno majivuno. Nilieleza linavyotofautiana na kiburi, nikiingiza Kifaransa kila nilipokwama. Kisha nikatoa mfano: mtu anayeketi jioni nje ya mlango wake, kavaa koti, na watu wakija kumsalimu hainuki, hata kwa mama mtu mzima.

Ukumbi mzima ulicheka. Wote walimjua: jirani yetu, karani wa mgodini, ambaye baba yake alitoka mkoa wa Kasai. Kwetu mtu huinuka kumpa mwenzake mkono. Yeye aliunyoosha akiwa ameketi, kama askofu. Na kila jioni alikuwa wa mwisho kuingia ndani.

"Ule tata iko na majivuno ya kweli!" alipiga kelele mmoja, akimwita mzee huyo tata, yaani baba.

"Merci, professeur!"

Nilitembea na hilo "professeur" wiki nzima.

Muda si mrefu wakubwa wa siasa wakaamua kwamba watu wa Kasai wote wana majivuno, na warudi kwao. Jirani alizaliwa hapa hapa. Vijana walisimama mbele ya mlango wake wakiliimba lile neno, na baadhi yao niliwatambua kutoka ukumbini. Sisemi ni mimi niliyewafundisha. Hata kudai hivyo ni majivuno.

Mimi na mama tulimkuta stesheni, kati ya familia nyingi zilizofukuzwa, zikingoja treni kwa siku nyingi. Mama alibeba bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Mimi nilibeba maneno ya kuomba msamaha, niliyoyakariri njiani na, Mungu anisamehe, kuyapamba.

Alikuwa ameketi juu ya sanduku, na koti lake. Alipomwona mama akaanza kuinuka. Mkewe akamshika kwapa moja, binti yake la pili. Ilichukua muda.

"Ni goti," mkewe alimnong'oneza mama. "Liliumia mgodini zamani. Akishaketi hawezi kusimama peke yake. Tulificha, wasimwachishe kazi. Jioni tulingoja ninyi muingie ndani, ndipo tumwinue."

"Shikala, tata, shikala," mama alimsihi aketi.

"Banaisha kunifukuza ku kazi, mama," alijibu, miguu ikimtetemeka. "Sasa naweza simama mbele ya bantu."

Akampa mama mkono, wima. Kisha akanigeukia.

"Na professeur wetu, hujambo?"

Sikusikia kejeli ndani yake, ingawa niliitafuta. Akaniwekea mkono begani ili aketi tena. Alikuwa mzito. Maneno yangu yote yalikuwa tayari mdomoni. Niliinama naye polepole mpaka akalifikia sanduku, nikasema, "Bukari itapoa, tata."