Wimbo Uliowekwa Mwisho

Mtaani walimwita Kinanda tangu akiwa mtoto, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Akitumwa dukani aliimba njia nzima, na mara nyingi alifika amesahau alichotumwa lakini wimbo umekamilika. Alipokua akapata kazi ya kupiga pasi kwa dobi, kwenye chumba cha nyuma chenye mvuke na dirisha moja, na huko pia hakunyamaza. Wateja waliofuata suti zao walikawia kuondoka wakijifanya wanakagua vifungo, kumbe wanasikiliza. Dobi mwenyewe, mtu asiyecheka ovyo, alikuwa akisema Kinanda hajawahi kuunguza shati isipokuwa siku moja tu, na siku hiyo alikuwa na mafua na sauti imemkauka.

Sauti aliirithi kwa mama yake. Mama alifanya kazi kiwanda cha nguo tangu usichana mpaka mvi, kwenye ukumbi wa mashine za kufuma, ambako kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba wanawake wa pale waliacha kabisa kupaza sauti. Walisomana midomo. Walisengenyana, walitaniana, walipeana habari za ndoa na za misiba kutoka mashine hadi mashine, na msimamizi akiwa amesimama katikati yao asiambulie neno. Jioni, akishatoka getini, mama alianza kuimba, kama mtu anayehakikisha kwamba bado anayo sauti. Wimbo alijitungia mwenyewe: mistari michache ya kumwambia mtoto afungue mlango, mama karudi, mikono imechoka ila haijasahau kubeba. Kinanda alimsikia tangu kwenye kona, akakimbilia komeo.

Ila kiwanda hakikumwacha aondoke mzima. Sikio la kushoto lilifunga duka kabla hajastaafu. La kulia likawa linafungua kwa zamu, leo zuri, kesho kama limejazwa pamba. Daktari aliwaambia mama na binti wakiwa wamekaa pamoja kwamba hata hilo litakwenda, ila lini, hawezi kusema. Mama alimshukuru kwa adabu kana kwamba ameongezewa mshahara. Walipofika nje akamshika Kinanda mkono.

"Mimi nimesikia mengi," alisema. "Limebaki moja tu. Nisikie wimbo wetu, basi. Sikio likitaka kwenda baada ya hapo liende salama."

Alikuwa na sababu. Wakati ule Kinanda alikuwa amekwisha kurekodi nyimbo tano, kwa akiba yake mwenyewe, bila kampuni wala mfadhili, na wa tano ulikuwa ule wa mama. Siku ya kuurekodi alimchukua mama mpaka studio, chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Prodyuza akamvika zile spika za masikioni, akamsimamisha mbele ya kipaza sauti, akamwambia aimbe ubeti wa mwisho peke yake. Mama akaimba. Alipomaliza alisema, "Pale mwisho nimepotea," na prodyuza akamwambia hajapotea, na hata kama amepotea, yeye anajua njia ya kumrudisha. Wimbo ulikuwa bado haujapangwa vyombo, kwa hiyo mama akarudi nyumbani bila kuusikia. Tangu siku hiyo hakuwa na swali jingine. Alitaka kujua kama alipotea, na sauti yake ikoje ikishaingia kwenye vyombo.

Sasa aingie Meneja. Huyu alikuwa binamu yake Kinanda, mtoto wa mjomba, fundi simu mwenye kibanda chembamba kama kabati. Umeneja alijipa mwenyewe, lakini tusimwonee: alijua alichokuwa akikifanya. Alikuwa amewafuatilia wanamuziki wengi wasio na kampuni, wanaoachia kazi zao wenyewe, akaona wanakosea pale pale. Wanakusanya nyimbo zao zote, wanazimwaga mtandaoni siku moja, watu wanasikiliza ya kwanza na ya pili, halafu wanaendelea na maisha yao.

"Mgeni humpikii vyakula vyote ukamrundikia mezani kwa mkupuo," alimwambia Kinanda, bisibisi mkononi. "Atashiba kwa kuangalia. Unampa kimoja. Akilamba vidole, unaleta kingine. Wimbo mmoja, tunasubiri wiki kadhaa, tunauacha upumue. Kabla haujachoka tunaonjesha kipande cha unaofuata. Watangazaji wa redio tunawapelekea mapema, siyo siku ile ile. Kila wimbo unamfungulia mlango mwenzake."

"Na wa mama?"

"Wa mama ndio nyama. Nyama huwezi kuitanguliza. Wa mama unakuwa wa mwisho, watu wakiwa wameshakujua. Ukiutoa sasa utapita kama gari la mchanga, hakuna atakayegeuka. Haraka haraka haina baraka, dada."

Kinanda alimwelewa. Na hata leo, ukiupima mpango ule kwa akili tu, huoni pa kuutoboa.

Wimbo wa kwanza ulitoka ukafanya kama walivyotarajia, yaani ulisikilizwa na majirani na wateja wa dobi. Wa pili ndio ulioleta sheria. Mama alikuwa anaishi na Shangazi, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwema, mnene wa maneno, ambaye hata akiwa kimya mguu wake wa kulia haukutulia. Aliutikisa sakafuni kutwa nzima kama anayeendesha cherehani isiyoonekana. Kinanda alikuja jioni moja akamsikilizisha mama wimbo wa pili kabla ya siku yake. Shangazi akaomba atumiwe "nisikilize nikiwa jikoni tu." Jikoni kwa Shangazi kulikuwa kukubwa. Kesho yake asubuhi wimbo ulikuwa kwenye kikundi cha kwaya, kikundi cha ukoo na kikundi cha wastaafu wa kiwanda, na siku yenyewe ya kuuachia ilipofika kila mtu alikuwa ameshauchoka.

Meneja hakugombana na mtu. Alichukua nyimbo tatu zilizobaki akazifungia kwenye kompyuta ya kibandani, akasema kuanzia sasa hasikii mtu hata mmoja mpaka siku ya wote. Hata Kinanda hakubaki na nakala.

"Hata mama?" Kinanda aliuliza.

"Mama akisikia, Shangazi kasikia. Shangazi akisikia, dunia imesikia."

Walicheka sana. Kinanda aliyapeleka maneno hayo kwa mama kama utani, na mama pia akacheka. Halafu akauliza, "Hata kile kipande changu tu?"

"Vumilia, mama. Kila wimbo una zamu yake. Mvumilivu hula mbivu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," mama akasema, lakini kwa kutania, akaendelea kuchambua mchele.

Hizi methali zetu zina ugonjwa mmoja: hakuna hata moja isiyo na mwenzake wa kuipinga, na mtu huokota ile inayomfaa siku hiyo. Kinanda aliokota yake.

Wimbo wa tatu ukawaka moto. Hakuna aliyeutegemea. Ulikuwa wimbo mwepesi kuhusu mwanamume anayesema yuko njiani kumbe bado anaoga, na watu waliupenda kwa sababu kila mmoja alikuwa na mwanamume wake wa namna hiyo. Ukachezwa redioni, ukachezwa kwenye saluni, watoto wakauimba wakitoka shule. Kinanda akaanza kuitwa kuimba kwenye miji ambayo alikuwa anaisikia tu kwenye taarifa ya hali ya hewa. Dobi akamruhusu, akasema mashati yatasubiri.

Meneja akakuna kichwa, akabadilisha kalenda. Wimbo unaokwenda vizuri haukatizwi, alisema. Ukiachia mwingine juu yake unajinyang'anya mwenyewe. Wa nne ukasogezwa mbele. Wa mama nao ukasogea nyuma yake. Baadaye wa nne ulipotoka na kufanya vizuri, wa mama ukasogezwa tena, ili utoke watu wakiwa na kiu kamili. Kila mara Meneja alimwuliza Kinanda, na kila mara Kinanda alikubali. Hapa ndipo ninapomkasirikia. Angemwambia binamu yake, nipe dakika nne, mama akae kwenye kiti hapa kibandani, mlango ufungwe, Shangazi abaki nyumbani. Meneja asingekataa, hakuwa na roho mbaya. Kinanda hakuomba. Alikuwa anaiona siku hiyo kichwani, mama amekaa katikati ya watu, sauti yake inatoka na watu wote wanageuka kumtazama, na hakutaka kuimega siku hiyo vipande.

Katikati ya safari hizo mama aliugua homa. Kinanda alipiga simu, Shangazi akapokea kama kawaida, akasema ilikuwa kali lakini imepita, mama amelala, mama anakusalimu. Aliporudi alimkuta mama amekonda kidogo, yuko mchangamfu. "Kaa hapa kwenye mwanga nikuone vizuri," mama alimwambia, akamshika kidevu, akamtazama usoni muda wote waliozungumza. Kinanda aliona raha. Alidhani ni mapenzi ya mama aliyemkosa mwanawe, na kweli yalikuwemo na hayo. Redio iliyokuwa haizimwi ilikuwa juu ya kabati, kimya. Mama alisema betri zimekwisha. Kinanda akanunua nyingine, na safari iliyofuata akazikuta bado zimo kwenye karatasi yake.

Mara hiyo mama hakuuliza kuhusu wimbo. Kinanda akamshukuru kimoyomoyo kwa uvumilivu.

Siku ikafika, Ijumaa mchana, sebuleni kwa Shangazi. Walikuja majirani, alikuja dobi na shati alilojipigia pasi mwenyewe, walikuja wanawake wawili wa kiwandani. Meneja alileta spika kubwa akaiweka juu ya kabati ilipokuwa redio. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, amekaa kwenye kiti cha dirishani, mikono mapajani. Kinanda alisimama ukutani mkabala naye ili asipitwe na uso wake.

Wimbo ukaanza. Gitaa peke yake, kisha sauti ya Kinanda, mlango, komeo, hatua za kwenye kona. Mama akaanza kutikisa kichwa taratibu, akifuata mdundo bila kukosea. Majirani wakatazamana wakitabasamu. Kisha vyombo vikanyamaza, ukaja ubeti wa mwisho, na sauti ya mama ikajaa chumba. Ilikuwa kavu kidogo, pana, na haikupotea popote. Pale alipopatilia shaka ndipo palipokuwa pazuri kuliko kote. Mmoja wa wale wanawake wa kiwandani akajifunika uso kwa kitambaa. Dobi akatazama dari. Mama aliendelea kutikisa kichwa vile vile, uso mtulivu, kama anayesikiliza wimbo wa jirani.

Wimbo ukaisha. Chumba kizima kikawa kimya, watu wakisubiri yeye aseme neno kwanza.

Mama akaendelea kutikisa kichwa.

Kinanda alidhani ameguswa sana. Halafu akayafuata macho ya mama, akaona yanakotazama. Yalikuwa chini, kwenye mguu wa kulia wa Shangazi, ambao ulikuwa ukiendelea kutikisika sakafuni kama siku zote, wimbo uwepo usiwepo. Mama alikuwa anahesabu mdundo pale.

Ndipo watu walipopiga makofi. Mama aliiona mikono, akasimamisha kichwa, akatabasamu, akapiga na yeye. Meneja akaanza kusoma kwa sauti maoni ya watu kwenye simu, furaha imempanda, na wote wakamzunguka. Kinanda alivuka chumba, akapiga magoti mbele ya kiti, uso wake kwenye mwanga wa dirisha.

"Pale mwisho," mama aliuliza, "sikupotea?"

Kinanda alifungua mdomo kama walivyofanya wanawake wa ukumbi wa mashine, akatamka kila neno, na hakutoa sauti hata chembe. Hukupotea, mama.

"Afadhali," mama akasema papo hapo. "Nilikuwa na wasiwasi na pale tu."

Kisha akautazama uso wa binti yake, akaelewa kwamba amejibiwa bila sauti, na yeye ameitikia papo hapo. Akaacha kutabasamu. Kinanda akatamka tena, kimya kimya, tangu lini, na mama naye akajibu bila sauti, ili majirani wasijue. Tangu ile homa. Ulikuwa safarini.

Ungeniambia, mama.

Ulisema kila wimbo una zamu yake, mama alijibu. Akampangusa mashavu kwa ncha ya kanga, kwanza moja, halafu la pili.

Nyuma yao Shangazi alikuwa anamwomba Meneja aurudie tangu mwanzo, kwamba yeye hajashiba. Meneja akaurudia. Mama akamgusa Kinanda begani, akamsogeza pembeni kidogo, kwa upole, kwa sababu alikuwa amemzibia mguu wa Shangazi.