Amri Iliyotundikwa Juu ya Redio

Nyumba nyingi za kwetu Roret, huko Kericho, zina picha ya harusi ukutani. Yetu ilikuwa na amri ya mahakama.

Ilikuwa juu ya redio, ndani ya fremu ya mbao, imefunikwa utosini kwa kitambaa cha kufuma, kama kila kitu katika nyumba ya mamangu kilivyofunikwa. Ilisema kwa Kiingereza kizito kwamba mahakama ya mji mmoja wa magharibi ya Uganda imemkabidhi mamangu mtoto wa kike, awe mwanawe kana kwamba alimzaa yeye. Mtoto huyo ni mimi. Mama alikuwa muuguzi katika zahanati ya shamba la chai huko Uganda, na mimi niliachwa kwenye kitanda cha zahanati hiyo nikiwa na siku chache tu. Alinilea miaka mitatu, akaenda mahakamani kuniasili, akapewa amri yake, akafunga virago na kunileta kwao. Baba yake alikuwa amemwandikia ekari moja ya chai, jirani na kakake, na hapo ndipo nilipokulia.

Nilipomuuliza kwa nini asiifungie sandukuni kama watu wengine, alinijibu bila kuacha kumenya viazi.

"Wenzangu wameweka harusi. Mimi sikufanya harusi. Siku yangu kubwa ni hiyo."

Leo nashukuru kwa jibu hilo. Wakati ule sikushukuru hata kidogo. Kochi la wageni lilitazama redio, na watu wa kwetu hawawezi kuketi mbele ya maandishi wasiyasome. Kila aliyekuja kunywa chai aliisoma amri yangu, akanitazama, akaisoma tena, kisha akaomba sukari. Nikiwa kidato cha pili, wasichana wenzangu walikuja kwetu kwa maombi, na mmoja akaisoma kwa sauti kana kwamba ni neno la siku. Muhula uliofuata sikuwa na jina tena. Nilikuwa Karatasi. Karatasi, futa ubao. Karatasi, unaitwa ofisini.

Likizo ya Agosti, mama akiwa amepeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia, niliitoa ile amri kwenye fremu nikaitia mekoni. Ilishika moto mara moja. Fremu nikairudisha ukutani ikiwa tupu, kwa sababu nilitaka aione.

Aliiona. Hakunichapa wala kuniuliza neno. Aliketi kwenye kochi la wageni akaitazama mpaka chai yake ikafanya utando. Kesho yake alivaa koti la kanisani na viatu vyake vizuri, akasema anakwenda Nakuru kumwona rafiki mgonjwa, mjomba atatukamulia ng'ombe. Alikaa siku nne. Aliporudi miguu ilikuwa imevimba na hakuwa amebeba hata mkate, nami nikanuna kwamba mtu anawezaje kwenda Nakuru yote hiyo akarudi mikono mitupu.

Asubuhi nilikuta amri imo ndani ya fremu yake, mpya na nyeupe.

Mama alikuwa mtu wa akiba: vijiko vya akiba, mwavuli wa akiba, kitabu cha nyimbo cha akiba. Nikajisemea kumbe ana karatasi za akiba pia, na mimi nitachoka kuchoma kabla hajaishiwa. Nikaacha. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile mpaka alipofariki, mwaka juzi, wakati wa mvua ndefu.

Matanga hayajaisha vizuri, mjomba akaenda kwa chifu akarudi na barua iliyomtaja yeye peke yake kuwa mrithi wa dada yake. Akafungua kesi ya mirathi Kericho. Aliniambia mwenyewe, tena kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi.

"Hakuna mtu anakufukuza," alisema. "Unaweza kaa kwa nyumba mpaka uolewe. Lakini hii shamba ni ya babangu, na wewe karatasi yako ni ya Uganda. Hapa ni Kenya."

Sikutaka kukaa kwa hisani katika nyumba ambayo najua ni ubao gani wa sakafu unaolia. Na zaidi ya nyumba, sikutaka iandikwe mahali popote kwamba mamangu alikufa bila mtoto. Nikatafuta wakili, msichana wa rika langu, ofisi yake iko juu ya duka la vyombo mjini Kericho. Akanieleza kwa lugha ninayoielewa: amri ya kuasili mtoto iliyotolewa kihalali nje ya nchi inatambulika Kenya, mradi tuithibitishe. Nilete tu hiyo karatasi. Nilimpelekea fremu nzima, nimeiviringisha katika shali.

Mahakamani karatasi ilitolewa kwenye fremu, na sehemu ya chini, ambayo miaka yote ilifichwa na mbao, ikaonekana. Palikuwa na muhuri wa kuthibitisha nakala, na tarehe. Wakili wa mjomba aliiinua karibu na macho, akafurahi waziwazi. Tarehe ya muhuri ilikuwa ya miaka kumi na miwili baada ya mama kurudi Kenya.

"Mheshimiwa, huyu mama alikuwa anachuma majani Roret mwaka huo," alisema. "Nani alimpigia muhuri wa Uganda?"

Jaji, mama mtulivu mwenye kuandika kila kitu kwa mkono, alinipa siku arobaini na tano nilete nakala na maelezo kutoka kwa mahakama ile ile iliyotoa amri. Bila hivyo angeiweka karatasi yangu kando.

Nilikuwa nimeutambua mwaka ule. Ni mwaka nilioichoma amri. Ndipo hofu ikanishika kweli. Kila mji una kijana mwenye kompyuta na droo ya mihuri, na mama alikuwa amesema Nakuru. Nilianza kuamini kwamba mamangu, muuguzi mwaminifu, mweka hazina wa akina mama wa kanisa, alikwenda kununua karatasi bandia ili ukuta wake usibaki wazi. Na kama alifanya hivyo, ni mimi niliyemtuma.

Nilivuka mpaka wa Busia, nikafika mji ule siku ya pili. Kuna chai kila upande, nikajiona kama sijaondoka nyumbani. Karani wa masjala alikuwa mzee mwenye sweta. Alisoma barua ya wakili wangu mara mbili.

"Madam, hiyo ni file ya zamani sana," alisema. "Lakini sisi hapa hatutupi. Kaa, nitatafuta."

Alitafuta tangu asubuhi mpaka saa nane, bila kunung'unika. Alirudi na faili langu, na amri halisi imo ndani yake. Kisha akafungua daftari kubwa wanamoandika wanaoomba nakala, akaniwekea kidole kwenye mstari. Agosti, mwaka nilioichoma. Jina la mamangu. Sahihi yake, ile yenye mkia mrefu aliyokuwa akitia kwenye ripoti zangu za shule. Katika nafasi ya sababu alikuwa ameandika kwamba nakala ya kwanza iliungua kwa bahati mbaya.

Nililia pale pale kwenye kaunta ya watu. Hakukuwa na rafiki mgonjwa wala Nakuru. Alikuwa amekuja huku kwa miguu yake ile yenye kuvimba, siku mbili kuja na siku mbili kurudi, na alipoulizwa na mtu asiyemjua, mbele ya serikali ya nchi nyingine, alinifichia kosa langu. Mzee alinisogezea kiti, akaniletea maji, kisha akanipigia mihuri yote niliyohitaji. Nikamwomba anithibitishie nakala ya ukurasa ule wa daftari pia.

Kesi iliporudi, wakili wa mjomba alibaki na swali moja tu, akaliuliza kwa kuchoka. Hiyo ya kwanza iliunguaje kwa bahati mbaya?

Ningeweza kuliacha hivyo. Mama alikuwa amelipanga vizuri. Lakini nilikuwa nimeapa na Biblia.

"Haikuwa bahati mbaya," nilisema. "Niliichoma mimi. Nilikuwa naona haya kuwa mtoto wake."

Mkalimani wa mahakama akamgeuzia mjomba maneno hayo kwa Kipsigis, lugha yetu, polepole. Jaji akaacha kuandika kidogo, halafu akaendelea. Uamuzi aliusoma wiki tatu baadaye: amri ya mahakama ya Uganda inatambulika, marehemu aliacha mtoto mmoja, barua ya chifu haina nguvu.

Nje, mjomba alinisubiri karibu na lango, kofia mkononi.

"Zile siku nne, mimi ndiye nilikamua ng'ombe," alisema. "Aliniambia ni Nakuru."

"Hata mimi, mjomba."

Hakuomba msamaha, si desturi ya kwetu kuombana, lakini Jumapili hiyo alikuja na maziwa ya kibuyu, na tangu hapo huja.

Huketi kwenye kochi linalotazama redio. Juu ya redio sasa kuna fremu mbili, zote zina vitambaa. Moja ni amri. Nyingine ni ukurasa wa daftari, na wageni huusoma, kwa sababu ni watu wa kwetu, kisha huniuliza ni moto gani huo ulioteketeza ya kwanza. Nawaambia ukweli, nawaongezea chai, na nawaambia pia aliyeandika mstari ule ni nani. Ni mamangu.